Asiambiwe Horace

Horace Utting alijifunza kuchora akiwa kitandani, nje, kwenye baridi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua kikuu kimemla pafu moja, na hospitali za kifua za huku kwetu Norfolk siku hizo tiba yao kubwa ilikuwa hewa. Vitanda vilisukumwa barazani mchana na usiku, theluji ikadondoka juu ya mablanketi, na wagonjwa wakalala pale kama samaki wa kugandishwa. Muuguzi mmoja alimhurumia, akamletea kisanduku cha rangi za maji. Horace akachora kilichokuwa mbele yake: uwanja, safu ya miti, anga. Anga hasa, maana mtu aliyelala chali hana kingine cha kutazama. Maji yalipoganda kikombeni yule muuguzi alitia matone ya pombe kali ili brashi ipate kuzama. Horace aliniambia nusu ya pombe ile iliingia kwenye rangi na nusu ikamwingia mchoraji, na hajui mpaka leo ni ipi iliyomponya.

Alipotoka hakuweza tena kazi ya baba yake, ya kukata matete kwenye vinamasi, maji yakiwa kiunoni. Akapewa kazi ya kukaa: kupima malori ya viazisukari kwenye lango la kiwanda cha sukari. Akaikalia hiyo hadi kustaafu. Alimwoa Ivy, mwanamke mnene mcheshi aliyefuga bata, na hawakujaliwa watoto. Jumapili zake zote Horace alibeba kigoda chake, ubao na kisanduku, akaenda kukaa ukingoni mwa mto penye kinu cha zamani cha upepo, kile kilichobaki bila mabawa, akachora kinu kile na maji na anga. Hakuuza. Alikupa ukioa, ukizaa, ukifiwa. Katika kijiji chetu cha Thurmere hakuna choo kisicho na picha ya Horace ukutani, na nasema hivi kwa heshima, maana chooni ndiko watu wa huku hutundika kile wanachokipenda lakini hawajui wakiweke wapi.

Mimi sijui uchoraji, ila ukizitazama hizo picha zake za zamani unasikia miguu inalowana.

Baadaye lilianzishwa Kundi la Jumapili, na Horace akawa kama baba yao. Walikutana asubuhi, wakatawanyika kando ya mto kila mtu na kigoda chake, na saa ya chakula wakarudi kwenye ukuta wa baa. Hapo kila mmoja aliegemeza picha yake ukutani, chini, kwenye nyasi, na wote wakapita polepole mikono nyuma kama watu wanaokagua maiti. Ukifika kwenye picha lazima useme neno, na neno lazima liwe zuri. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini ningependa kumwona mtu aivunje. Picha mbaya husemwa ina ujasiri. Mbaya zaidi husemwa ina hisia. Na ikiwa haitazamiki kabisa, watu huisifu fremu.

Mimi sikuwa mwanachama. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano nikaenda kunyonyoa batamzinga, na sikurudi. Mimi nilikuwa mke wa ndani ya gari. Kila kundi la wachoraji wa huku lina wake wa namna hiyo. Mume wangu Roland, karani wa halmashauri, alikuwa nje na brashi zake, na mimi nilikaa nyuma ya kioo kilichojaa ukungu na chupa ya chai na sandwichi za jibini, nikingoja anga la mtu likauke. Hewa yetu ina maji mengi, karatasi haikauki upesi. Roland alisema sina jicho la kuchora. Nilikubali. Nilikuwa na jicho la kuona barabara wakati wa kurudi, naye amekunywa.

Kisha Roland akahamia kwa Philippa, mwalimu aliyekuja kuwafundisha kutandaza rangi ya anga kwa mkono mmoja bila kuinua brashi. Hilo halikunishangaza sana, wanaume huondoka. Kilichonishinda kumeza ni kwamba kundi zima walijua. Walijua kwa majira mawili ya kiangazi. Walikuja kwenye kioo cha gari, wakainama, wakaniuliza hali ya bustani yangu, wakala sandwichi zangu, na wote walijua. Hester Cubitt, katibu wao, aliponiona sokoni baada ya mambo kufumuka alinishika mkono akaniambia hawakutaka kuniharibia Jumapili zangu. Nimeisaga sentensi hiyo kwa meno miaka sita sasa, na haijalainika.

Horace peke yake alikuja nyumbani. Ivy alikuwa ameshafariki. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Nilijua, Avril. Niliogopa kukwambia." Nikamfungia mlango. Lakini angalau yeye hakusema lolote kuhusu Jumapili.

Basi mwaka juzi akaja tena, kwa miguu, amepita katikati ya barabara huku magari yakimpigia honi. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Aliniambia katikati kumeingia doa, anachokitazama ndicho asichokiona, anaona kingo tu. Akitaka kuona uso wangu lazima atazame sikio. Daktari alikuwa amemwambia aache kuendesha gari, na leseni ameirudisha. Alitaka dereva.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Wewe umezoea kungoja, binti."

Ingekuwa mtu mwingine ningemmwagia maji ya vyombo. Lakini alisema kama mtu anayesema wewe umezoea kushona. Nami nyumba yangu ilikuwa kimya kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kuisikia friji ikipumua. Nikachukua funguo.

Hivyo nikarudi kulekule, ukingoni mwa mto, nyuma ya kioo. Alhamisi tulikwenda peke yetu, Jumapili pamoja na kundi. Nilimbebea kigoda, nikamjazia maji mtungi wake, nikampangia brashi. Roland na Philippa walikuwa wanakaa kuchora upande wa pili wa daraja, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kutazama daraja bila kuona kilicho nyuma yake.

Picha zake sikuzitazama mwanzoni. Nilikuwa nimeshiba picha. Kisha Jumapili moja, mvua ikiwa inatishia, akaniomba niibebe karatasi yake niipeleke ukutani kwa wenzake. Nikaitazama nikitembea. Anga lilikuwa la kijani. Matete yalikuwa ya buluu. Na kinu, ambacho mzee huyu amekichora tangu mimi sijazaliwa, kilikuwa kimeanguka ndani ya mto.

Nilidhani kundi litashtuka. Hester alitangulia, mikono nyuma, akainama. "Ujasiri ulioje, Horace," akasema. Mwingine akasema Horace amepata uhuru mpya. Mwingine akasifu karatasi, kwamba ni karatasi nzuri. Roland akakohoa. Na Horace, kichwa amekigeuza pembeni ili awaone kwa kona ya jicho, alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

Njiani aliongea mpaka nyumbani. Aliniambia macho yamemfanyia hisani. Zamani alihangaika na kila unyasi, sasa anapaka kitu kikubwa tu, mwanga na maji, na hajawahi kuchora vizuri namna hii. Nami niliendesha. Nikasema ndiyo, nikasema kumbe, nikasema shika mkanda.

Zikapita Jumapili nyingi za namna hiyo. Kiangazi kilikwisha, bata wakaanza kupita juu wakielekea kusini, na siku moja Hester Cubitt akaja jikoni kwangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Roland aondoke. Nikampa chai na kipande cha keki. Ilikuwa imeungua chini. Akala, akasema nzuri sana.

Alikuwa amekuja kwa habari ya maonyesho. Kila mwaka mwezi wa kumi kundi hutundika picha zao kwenye ukumbi wa kijiji, watu wote huja, hata watoto wa shule huletwa na walimu wao, na picha bora hupewa kombe. Mwaka huu, Hester akasema, wamekubaliana kimya kimya kombe apewe Horace. Picha yake itawekwa katikati, ukuta wa mbele, peke yake, na yeye atasimama chini yake aseme maneno machache. Gazeti kutoka Norwich litakuja kumpiga picha.

Nikamwuliza kama wameiona hiyo picha.

Akaweka kijiko chini. "Avril, ana themanini. Amebakiwa na mingapi? Mwache mzee afurahi. Wewe ndiwe unayekaa naye, ndiyo maana nimekuja. Asiambiwe."

Alikula keki yote, hata palipoungua, akaniachia busu hewani, akaenda.

Tatizo ni kwamba Horace alikuwa ameshanusa habari, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Aliwaandikia wenzake wa kiwanda waliobaki, kwa mkono wa jirani, waje. Alimwita mpwa wa Ivy kutoka Lincoln. Alinitaka nimpeleke kununua shati. Nami nikimtazama akinyooshwa kola dukani niliona ukumbi, niliona wale wazee wa kiwanda wamevaa tai, wanatazama anga la kijani kisha wanatazamana, niliona watoto wa shule wanabinyana mbavu. Na yeye amesimama chini ya kinu kilichozama, anawashukuru. Kilemba cha ukoka mtu akivikwa nyumbani kwake huenda kisimdhuru. Lakini hawa walitaka kumtembeza nacho.

Alhamisi ya mwisho kabla ya maonyesho tulikwenda mtoni aimalize ile picha. Siku ilikuwa ya unyevu, ukungu haukunyanyuka, na baada ya kupaka maji ya mto akaona haikauki, akarudi ndani ya gari na ubao magotini. Nikawasha hita. Tukakaa. Vioo vikaingia ukungu. Alikuwa ananuka tope na peremende.

"Hujawahi kuniambia neno juu ya picha zangu," akasema. "Mwaka na nusu. Wenzangu wote wanasema."

"Mimi sina jicho."

"Hayo ni maneno ya Roland. Ikoje?"

Nilikuwa nimechoka. Sitaki kusema nilikuwa jasiri, au nilimpenda. Nilikuwa nimechoka kukaa ndani ya gari na kitu ninachokijua.

"Anga ni la kijani, Horace."

Akacheka kidogo. "Kijani cha namna gani? Jioni huwa na ukijani fulani."

"Kijani cha njegere za kopo."

Vidole vyake vikatembea juu ya kisanduku, juu ya vile vidonge vya rangi alivyovipanga kwa mpango uleule tangu enzi za Ivy, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu meno yake. Miezi mingi kabla, sijui lini, kisanduku kilikuwa kimeanguka akavirudisha vibaya, kijani mahali pa buluu.

"Na kinu?"

"Kinu kiko mtoni."

"Hicho ni kivuli chake."

"Si kivuli. Ni kinu chenyewe. Kimelala ubavu kama mlevi."

Mbwa alikuwa anabweka mahali fulani ng'ambo. Horace akageuza kichwa ili anione kwa pembeni, na jicho lile la pembeni lilikuwa limejaa maji.

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuzitazama. Na kabla, nadhani."

"Na wao wanaona?"

"Wao wana macho, Horace."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, "Unalipiza. Sikukwambia habari za Roland, leo unanilipa."

Nilitafuta ndani mwangu kama ni kweli, na sikupata jibu safi. "Labda," nikamwambia. "Lakini anga bado ni la kijani."

Akaniomba nimrudishe nyumbani. Tulipofika hakuniruhusu nibebe kigoda. Aligonga bega kwenye mwimo wa mlango, akaingia, akafunga.

Jumamosi ya maonyesho sikutegemea kumwona. Niliamua nikae nyumbani nifue. Lakini saa tano simu ikalia, na sauti yake ikasema tu, "Nipeleke ukumbini." Nikamkuta nje amevaa lile shati jipya.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazee wa kiwanda walikuwa wamepanga viti mstari wa mbele, tai shingoni. Hester alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akampeleka hadi kwenye picha, nami nikafuata nyuma kwa sababu yeye alikuwa amenishika mkono wa koti na hakuuachia. Picha ilikuwa peke yake ukutani, ndani ya fremu nene. Horace akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akageuza kichwa, akaipitia kwa kona ya jicho kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Watu wakadhani ni mbwembwe za msanii, wakatabasamu.

Akageuka. "Hester, anga langu ni la rangi gani?"

Hester alisema lina hisia nyingi sana.

"Sikuulizi hisia. Nimeuliza rangi."

Birika la chai likasikika likichemka kule nyuma. Hester akatazama chini. Mzee mmoja wa kiwanda akatazama tai yake. Roland akatazama viatu, kazi ambayo amekuwa hodari nayo maisha yake yote. Watu arobaini, wote wenye macho, na hakuna aliyeweza kusema neno ambalo mtoto wa chekechea analijua. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimeshasema langu, na nilitaka kuwaona.

"Ni la kijani," sauti ikasema.

Alikuwa Philippa. Kati ya watu wote wa Thurmere, ni yeye. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, lakini alisema. Yapo mengi sijamsamehe mwanamke yule, na hilo nililiongeza palepale.

"Asante," Horace akasema. "Na kinu kimeanguka, nimeambiwa."

Akainua mikono, akapapasa fremu, akaiondoa kwenye msumari wake, akaikumbatia kwapani. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsaidia. Kisha mtu akasema ingefaa tunywe chai, na wote wakapumua, wakaikimbilia chai. Horace naye akanywa, amesimama, picha kwapani, akiwauliza wale wazee habari za magoti yao. Kombe akapewa Roland kwa picha ya daraja. Nikapiga makofi, maana mikono ilikuwa mitupu.

Nilipomfikisha kwake, akatoka garini, akashika mlango.

"Sikushukuru, ujue."

"Sikungoja hilo."

"Nilikuwa na furaha, Avril. Mwaka na nusu. Ivy alipokufa sikudhani nitaipata tena, na niliipata, na sasa sina. Ungengoja nife. Nisingechukua muda mrefu."

Akafunga mlango polepole, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kama angeubamiza.

Kundi hawakunisamehe. Hester sasa akiniona sokoni anageukia mboga. Wanasema nina mdomo, wanasema ni uchungu wa kuachwa, nilitaka kuwaharibia wote. Waseme. Mimi najua kuwa wa mwisho kujua mambo yangu mwenyewe kulivyo, na wao hawajui.

Horace hakunipigia simu mwezi mzima, kisha mwezi mwingine. Niliona taa yake jioni nikipita. Baada ya Krismasi simu ikalia. Hakusalimia. Aliniambia nije na koleo dogo.

Nilimkuta mezani, kisanduku kimefunguliwa mbele yake. Aliniambia niving'oe vidonge vyote vya rangi nimwachie kimoja, kile cha kahawia nzito kinachokaribia weusi. Rangi hazioni, alisema, lakini penye giza na penye mwanga bado anapatambua, na rangi moja haiwezi kuruka ikakaa mahali pa nyingine. Nikang'oa. Vingine vilikuwa vimeshikana na chuma cha kisanduku kwa kutu. Vyote nilivitia kwenye gazeti, na nilipomuuliza nivitupe au niviweke, akasema haimhusu.

Tukaenda mtoni Alhamisi hiyo. Maji yalikuwa na ganda jembamba la barafu kwenye kingo, na hakuweza kukaa nje zaidi ya dakika chache, kifua chake hakikubali tena. Alichora akiwa ndani ya gari, mlango umefunguliwa, miguu nje, blanketi mabegani, mimi nikigandia kwenye usukani. Alichora kwa hasira. Hakuniambia tena kwamba hajawahi kuchora vizuri namna hii. Alipofika mahali fulani akanisogezea ubao bila kugeuka.

"Ikoje?"

Nikaitazama. Ilikuwa na mabaka, na upande mmoja maji yalikuwa yamepanda juu ya ukingo.

"Kinu kimesimama," nikasema. "Kimeinama kidogo kushoto."

"Kweli kimeinama. Kiliinama tangu dhoruba moja ya zamani, baba alikuwa akisema."

Nikafuta kioo kwa kiganja, nikakitazama kinu kule ng'ambo, nikakitazama vizuri. Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa baridi, na nilitaka kwenda nyumbani.

"Hapana, Horace. Kimenyooka."

Akanitukana, tusi la kiwandani, refu, akachukua ubao wake, akachovya brashi.